Mgonjwa wa Saratani Hakatai Chakula kwa Ukaidi

Katika nyumba zetu za Unguja na Pemba mara nyingi huzuka ugomvi baina ya mgonjwa wa saratani na wanaomuuguza, na chanzo chake ni sahani ya wali. Mama amepika kwa tui zito, ameandaa kwa mapenzi yote. Mgonjwa anaonja tonge moja, anakunja uso na kuisogeza sahani. Hapo huanza maneno: kwamba anadeka, kwamba amekata tamaa, kwamba hataki kupona. Wako hata wanaomshikia kijiko wakamlazimisha.

Tunapenda kusema wazi kwamba mgonjwa huyo hana ukaidi. Dawa nyingi za saratani zinazotiwa mshipani hukusudiwa kuua chembe zinazozaliana kwa haraka, na chembe za ulimi zinazotambua ladha ni miongoni mwa hizo, kwani kwa kawaida hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku 10 hivi. Zinapodhurika, nyama huwa chungu, maji huwa na ladha ya chuma, na chai ya sukari huwa kama haina kitu. Aliyepigwa mionzi ya kichwa au shingo hukaukiwa na mate, na chakula kikavu hakimpiti kooni. Kwa wengi ladha hurejea matibabu yakiisha, lakini huchukua wiki, pengine miezi.

Muda huo si wa kudharau. Vipimo vya dawa nyingi hukadiriwa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, na anayekonda sana huweza kudhoofika hata daktari akalazimika kuahirisha tiba. Katika mionzi ya kichwa na shingo, mgonjwa huvalishwa kinyago kilichofinyangwa kwa sura yake ili asitikisike. Uso ukikonda, kinyago hulegea, na huenda kikabidi kutengenezwa upya.

Basi na tuache kumlazimisha. Apewe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, na saa anayojisikia vizuri ndiyo apewe zaidi. Nyama ikimshinda, yako mayai, kunde, choroko, maziwa na samaki. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kama cha moto. Mwenye kuhisi ladha ya chuma atumie kijiko cha mti au cha plastiki, na kabla ya kula asukutue kwa maji yenye chumvi kidogo. Ndimu na ukwaju huamsha ulimi, ila si kwa mwenye vidonda kinywani. Uji wa mchele kwa tui, uwanga uliopikwa kwa maziwa, bokoboko laini: hivi si vyakula vigeni kwetu, na wazee wetu walijua kuvipikia wagonjwa kabla ya sisi kuanza kuvionea haya mbele ya wageni. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, mgonjwa asilaumiwe kwa kula, kwani dini yenyewe imempa ruhusa.

Lakini jiko la nyumbani halivuki bahari. Mionzi kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na wagonjwa wetu wengi wamekuwa wakiifuata katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Anayetoka Pemba hupanda meli Mkoani, akashuka Unguja, kisha akapanda nyingine. Akifika hukaa kwa jamaa na kula kilichopikwa kwa ajili ya watu wote, kwani ni nani atakayethubutu kumwambia mwenyeji wake kwamba mchuzi wake unamtia kichefuchefu? Asiye na jamaa hula vibandani.

Hapa ndipo tunapowaomba wakuu wa afya watazame upya utaratibu wa rufaa. Mgonjwa asivushwe kabla yeye na anayemsindikiza hawajakaa na afisa lishe. Uzito wake uandikwe katika barua ya rufaa, na posho ya safari ihesabu chakula chake, si nauli peke yake. Mizani si chombo cha kusubiri msaada kutoka ng'ambo. Anaporudi kisiwani, apimwe tena katika kituo kilicho karibu na kwake, na kilo alizopoteza zisomwe na daktari kabla hajapangiwa safari nyingine.