SYNC haijui benga

Leo tuache hifadhidata kidogo, niwaletee ubishi niliotoka nao Nyeri: DJ anayeiachia programu imchanganyie nyimbo, bado ni DJ?

Ulianzia Kamakwa, mbele ya nyama choma. Rafiki yangu alicheza santuri enzi zake, na juzi amepoteza kazi ya kila Ijumaa kwa sababu mwenye baa ameweka tarakilishi inayojichezea yenyewe. Ana uchungu, na ana haki. Yeye alijifunza kwa Technics SL-1200, zile mashine zilizoanza kuuzwa 1972: wimbo mmoja sikio hili, wa pili sikio lile, kidole kinasukuma sahani polepole mpaka mapigo yaungane. Ilimchukua miezi. VirtualDJ, iliyotoka 2003, hufanya hivyo kabla hujameza mate. Mixxx, ambayo ni programu huria, ina hata Auto DJ: panga orodha yako, nenda ukale.

Mimi naandika programu, kwa hiyo mnajua nilikaa upande gani. Nikamwambia kulinganisha mapigo ni hesabu, na hesabu ni kazi ya mashine. Nikamtolea mfano wa mugithi. Yule mpiga gitaa wa peke yake, anayejaza baa kutoka Karatina hadi Nanyuki, mara nyingi hana mpiga ngoma. Ngoma inatoka kwenye kinanda cha umeme. Nani amewahi kumwambia hana ustadi? Ustadi wake ni kujua wimbo upi aunganishe na upi, na lini watu wako tayari kushikana mabega wawe treni. Rafiki yangu akanyamaza. Nikadhani nimeshinda.

Halafu Desemba ikafika, tukaenda ruracio karibu na Karatina. Anayecheza muziki ni binamu yangu, kijana wa miaka 22, mchangamfu, anayejua kusoma watu. Hajawahi kuchanganya nyimbo bila kitufe cha SYNC. Jioni wazee wakaomba benga ya miaka ya 1970, akina Daniel Kamau. Akauingiza wimbo juu ya mugithi uliokuwa ukicheza. Sekunde kumi za kwanza, safi. Baadaye ikawa kama watu wawili wanatwanga kinu kimoja bila kusikizana. Akabonyeza SYNC. Akabonyeza tena. Mzee mmoja akapaza sauti: “Kijana, treni yako imeacha reli!” Akaukata wimbo, akarudi kwenye mugithi, na benga haikusikika tena usiku ule.

Kilichotokea ni hiki. Programu husikiliza wimbo wote mapema, hutafuta mahali sauti inapopiga ghafla, kisha hukadiria mapigo kwa dakika na kuchora mistari yenye nafasi sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa ngoma ya mashine, mistari hiyo hukaa barabara. Lakini bendi za zamani zilirekodi watu wakipiga pamoja, bila saa ya kuwashika. Gitaa likipamba moto, mpiga ngoma naye anaongeza mwendo kidogo. Tofauti ya pigo moja tu kwa dakika inatosha: baada ya nusu dakika nyimbo zimepishana nusu pigo, na hapo hakuna anayecheza.

Kwa hiyo je, rafiki yangu alikuwa sahihi? Nusu. Yeye SYNC haimpunguzii chochote; masikio anayo, na mikono ikipata nafasi atafanya mengine. Binamu yangu naye huwezi kusema amepunguziwa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Kinachonikera ni kingine. Nilifungua folda yake ya nyimbo: mugithi tele, gengetone, amapiano, na benga kiasi cha kuhesabu kwa vidole. Nikamuuliza kwa nini. “Hazishiki,” akanijibu. Yaani mashine imeamua muziki wa wazee haufai sherehe, na yeye hakujua kwamba kuna uamuzi uliofanywa. Na mashine haikuamua peke yake. Ni sisi waandika programu tulioona ni sawa kudhani kwamba wimbo una kasi moja.

(Angeweza pia kuacha wimbo uishe, aseme maneno mawili kwenye maikrofoni, aanze mwingine. Hakuna sheria inayosema kila wimbo lazima uchanganywe!)

Mixxx hutumia kitambua mapigo kilichotengenezwa Queen Mary University of London, na kwenye mipangilio yake kuna kisanduku cha kuiambia ichukulie kuwa kasi haibadiliki. Kwenye tarakilishi ya binamu yangu kilikuwa kimetiwa alama. Nimeitoa, tukachambua upya nyimbo 40 za benga. Nyingi sasa zinafuatwa vizuri. Kama kumi hivi bado zinaishinda, na Jumamosi rafiki yangu wa Kamakwa anakuja na hedifoni zake za zamani kumfundisha kijana hizo kumi. Ametaka alipwe, nami nimekubali.