Kyoto: acheni kuuziana pasi ya siku

Leo naweka kando misimbo na hifadhidata. Nataka tubishane kuhusu nauli ya basi, tena si la hapa kwetu bali la Kyoto, Japani.

Kila anayekwenda kutembelea mji ule hupewa ushauri mmoja: ukishuka tu stesheni nunua pasi ya siku, halafu upande chochote bila kufikiri. Mimi nina ugomvi na hilo neno "bila kufikiri". Niliufuata ushauri huo, na jioni nilipojumlisha safari zangu nikakuta pasi ya yen 1,100 nimeitumia kwa safari mbili za yen 230. Yen 640 zimekwenda na maji, na wa kulaumiwa ni mimi niliyelipa kabla ya kuhesabu.

Sasa tupige hesabu ambayo ningepaswa kuipiga asubuhi ile. Ndani ya eneo la bei moja, basi la jiji ni yen 230. Pasi ya siku ya treni ya chini ya ardhi na mabasi ni yen 1,100. Gawanya: ni lazima upande basi mara tano ndipo pasi ikulipe. Je, mtalii hupanda mara tano? Kutoka stesheni kuu hadi hekalu la Kiyomizu-dera ni basi moja. Kutoka hapo hadi Gion unatembea kwa miguu, na kutembea huko ndiko utalii wenyewe. Kurudi, basi jingine. Jumla yen 460.

Chukua siku nyingine, ya kwenda Kinkaku-ji, lile hekalu la dhahabu. Treni ya chini ya ardhi hadi Kitaoji ni yen 260, basi yen 230, kwenda na kurudi yen 980. Bado hujaifikia pasi! Fushimi Inari, penye malango mekundu, njia nyepesi ni treni ya JR au ya Keihan, na zote mbili haziingii katika pasi hii. Arashiyama kuna basi linaloingia katika pasi, lakini treni ya JR hufika haraka zaidi na nauli yake haifiki yen 300. Yaani mwenye pasi hujikuta amekwama katika foleni ya magari ili tu "asipoteze" alichokwisha kulipa.

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni ya zamani: pima kwanza, boresha baadaye. Pasi ni kuboresha kabla ya kupima.

Sitaki kudanganya mtu. Zipo siku pasi inalipa. Ukitoka Kinkaku-ji ukaongeza basi moja tu, umefika yen 1,210. Na tangu Juni 2024 kuna mabasi ya haraka ya watalii siku za mapumziko, yen 500 kwa safari, nayo yamo katika pasi. Ukipanda mawili na basi moja la kawaida umeshapata faida. Basi andika ratiba yako usiku, jumlisha, ndipo uamue asubuhi. Dakika tano zinatosha.

Wengine watasema, "Lakini pasi inaniondolea usumbufu wa sarafu." Kazi hiyo inafanywa na kadi ya ICOCA, iliyoanza 2003. Unainunua kwa yen 2,000, ambapo 500 ni amana na 1,500 ni nauli. Salio limeandikwa ndani ya chipu ya kadi yenyewe, kwa hiyo lango halingoji seva ya mbali ijibu. Tangu 2013 kadi kubwa za namna hii zinakubaliana kati ya miji, hivyo hiyo hiyo utaitumia Tokyo. Sisi tulioona mpango wa nauli za matatu bila pesa taslimu ukikwama mwaka 2014 tuna sababu ya kuitazama kwa wivu. Angalizo: iPhone kuanzia toleo la 8 inaweza kubeba kadi hii ndani yake, lakini simu nyingi za Android zinazouzwa nje ya Japani haziwezi. Wengi wetu, basi, ni kadi ya plastiki.

Na ile pasi ya JR ya nchi nzima? Oktoba 2023 ya siku saba ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Tokyo hadi Kyoto kwa Shinkansen ni takriban yen 14,000 kwa kwenda. Kwenda na kurudi ni 28,000 hivi. Anayekuambia uinunue kwa safari hiyo peke yake anasoma ushauri wa zamani.

Lakini hasira yangu kubwa si ya pesa. Zamani Kyoto ilikuwa na pasi ya mabasi pekee kwa yen 500. Ikapanda hadi 600 mwaka 2018, kisha 700 mwaka 2021. Septemba 2023 jiji likaacha kuiuza kabisa. Kwa nini? Kwa sababu mabasi yalijaa watalii, na mama mzee wa mtaani aliyetoka sokoni na mfuko wake akawa anaachwa kituoni. Ukishalipa, kila safari inayofuata inaonekana ni ya bure. Unapanda vituo viwili ambavyo ungetembea, na gharama anailipa yule mama. Watalii walilalamika sana. Mimi nasema jiji lilifanya sawa.

Kwa hiyo ushauri wangu: ICOCA mfukoni, miguu kwanza, treni pili, basi mwisho. Pasi nunua siku ile tu ambayo hesabu imekuambia ununue. Anayepinga, alete ratiba yake tuijumlishe pamoja.