Mginko wa Kuazima

Sasa imekuwa mtindo. Kijana akitaka kuandika juu ya kumbukumbu, juu ya dahari na dahari, basi atapanda mginko ndani ya shairi. Jani lenye umbo la feni, rangi ya dhahabu, linapukutika taratibu huko Kyoto. Mwandishi mwenyewe kazaliwa Mbinga, kakulia Mbamba Bay, na mti huo kauona kwenye picha.

Sina ugomvi na mti. Jamii ya miginko ilikuwapo duniani zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na leo imebaki aina moja tu, ambayo Wachina waliitunza, mara nyingi kwenye viwanja vya mahekalu. Bomu lilipoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, baadhi ya miginko iliungua, kisha ikachipua tena. Lakini hebu tuulizane: ni nani aliyeufanya mti huo uwe ishara? Siyo umri wake. Watu wa Hiroshima wameiorodhesha miti iliyosalimika, wameiwekea vibao, wanaitunza, na mbegu zake wanazipeleka nchi za mbali. Hekalu moja lilipojengwa upya, ngazi zake zilijengwa kuupisha mginko. Ile ni kazi, jamani. Mti haukumbuki kitu. Wanaokumbuka ni wale wenye makoleo na madaftari. Mshairi wetu anaazima jani, kazi anaiacha huko huko.

Kuna atakayeniuliza, kwani fasihi ina pasipoti? Haina. Wala sisemi tuung'oe mginko tupande mbuyu. Mbuyu nao umekwisha chakazwa na kalenda za watalii. Ninachouliza ni hiki: hivi wewe uliyelala na kuamka juu ya msitu wa kale, umeukosaje?

Msitu wenyewe uko Ngaka, wilaya hiyo hiyo ya Mbinga. Tangu 2011 unachimbwa na kupakiwa malori, mengine yakienda viwanda vya saruji, na sisi tunauita makaa ya mawe tu, basi. Mtoto wa Kimatengo hahitaji profesa wa kumweleza makaa hayo yalitokea wapi. Kawaona wazazi wake wakilima ngoro: nyasi zinafyekwa, zinapangwa miraba miraba mlimani, zinafukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati, shimo linabaki la kutega maji. Nyasi zile chini zinaoza na kuwa nyeusi. Sasa achukue badala ya nyasi miti na majani ya bwawa zima, afukie kwa mchanga na tope, arudie tena na tena, halafu asubiri miaka zaidi ya milioni 250. Hapo atapata Ngaka.

Kati ya miti ya zama zile mmoja ulitawala. Wataalamu wanauita glosopterisi, jina la Kigiriki lenye neno "ulimi" ndani yake, kwa kuwa jani lake lina umbo la ulimi. Ulimi wa jiwe! Mwandishi gani mwingine duniani kaletewa mlangoni ishara kama hiyo? Jani hilo limekutwa India, Australia, Amerika ya Kusini, hata Antaktika, na ni moja ya ushahidi kwamba nchi hizo zote ziliwahi kuwa bara moja na Afrika. Kapteni Scott na wenzake walipokufa kwa baridi na njaa huko Antaktika mwaka 1912, katika mizigo yao zilikutwa kilo kama 16 za mawe, mengine yakiwa na alama za majani hayo. Watu wanakufa na jani hawalitupi. Sisi tunalipungia mkono barabarani likipita kwenye lori.

Mginko ulinusurika, glosopterisi ilikwisha yote, haikubaki hata mche. Mimi naona ndiyo ishara ya kweli zaidi ya kumbukumbu, maana haiwezi kujitetea. Likishaungua hilo jani, limekwenda.

Na mkidhani naongeza chumvi, tazameni bonde la Ruhuhu, mto unaoingia Ziwa Nyasa kaskazini ya Lituhi. Katika miaka ya 1930 Mwingereza Parrington aliokota huko mfupa wa mkono na vipande vya uti wa mgongo vya mnyama wa miaka kama milioni 240. Mifupa ikalala katika jumba la makumbusho London, ikaja kutangazwa rasmi kwa jina 2012: Nyasasaurus, labda dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu wa karibu wa dinosaria. Jina la ziwa letu hilo. Sijasoma shairi lake hata moja, la Kiswahili wala Kimatengo wala Kinyasa. Mginko nimeshausoma mara nne mwaka huu.

Mhariri, ukiletewa wa tano, usiurudishe. Muulize mwandishi wake tu: kutoka stendi ya Mbinga hadi Ngaka, nauli shilingi ngapi?