KUOKOA NA KUOPOA: ASKARI AYAJUE MAJI KABLA YA KUYAINGIA

Mtu akizama katika Ziwa Tanganyika, au akichukuliwa na mto Nyabagere siku ya mvua kubwa, wananchi wa Cibitoke hawaulizi kazi hiyo ni ya ofisi gani. Huwatazama askari na polisi. Huamini kwamba aliyevaa sare ameapa kuwalinda, na kwamba ulinzi huo haukomi ukingoni mwa maji. Imani hiyo ni heshima kubwa. Lakini ni mzigo pia, maana sare haimfundishi mtu kuogelea, wala ushujaa haumpi pumzi chini ya maji. Kwa hiyo twapenda leo kusema nanyi, ndugu askari na polisi, juu ya elimu ya usalama wa majini, na hasa juu ya kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa.

Hatari tunayoitaja si ngeni. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko yaliingia sehemu za kaskazini mwa Bujumbura, yakaua watu zaidi ya 60 kwa usiku mmoja. Nalo ziwa li karibu, na vijana huteremka kwenda kuoga Jumapili. Kina chake kikubwa ni mita 1,470 hivi, na duniani ni Baikal peke yake linalolishinda. Wahenga walinena: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kwanza hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo umati uliosimama ufukoni huyachanganya: kuokoa na kuopoa. Kuokoa ni kumtoa mtu angali hai, na muda wake huhesabiwa kwa dakika. Kuopoa ni kuutoa mwili, ili wafiwa wapate kumzika ndugu yao kwa heshima. Kuokoa kwataka haraka. Kuopoa kwataka utaratibu. Yule anayeingia kuopoa kwa haraka ya kuokoa huweza kuwaongezea wafiwa msiba wa pili.

Yako mambo ambayo mzamiaji hana budi kuyajua kabla hajavaa mtungi. La kwanza, hatari haiko katika vilindi tu. Mtu aliyevuta hewa ya mtungi katika kina cha mita 10, kisha akaizuia pumzi na kupanda juu, hewa ile hutanuka kifuani mwake kufikia kama maradufu, na yaweza kuyapasua mapafu. Kwa hiyo mzamiaji hazuii pumzi kamwe, wala hapandi kwa pupa. Mwendo unaofundishwa na wengi hauzidi mita 9 kwa dakika.

La pili ni gesi ya naitrojeni, ambayo huingia mwilini kwa shinikizo la maji. Mtu akipanda upesi, gesi hiyo hufanya mapovu katika damu na viungo. Huleta maumivu, kupooza, na hata kifo. Mwaka 1908 mtaalamu wa Uingereza, J. S. Haldane, pamoja na wenzake, baada ya kuwajaribia mbuzi, walitoa majedwali ya kuwaongoza wapiga mbizi wa jeshi la majini katika kupanda kwao. Elimu hii, basi, tangu asili yake ni elimu ya askari.

Lakini majedwali ya kawaida hupimwa kwa usawa wa bahari, na ziwa letu liko juu ya bahari kwa mita 770 hivi. Hewa ya hapa ni nyepesi zaidi, hivyo hesabu za baharini hazifai kutumiwa ziwani bila kurekebishwa. Tena, barabara itokayo Bujumbura kwenda Bugarama hupanda mpaka zaidi ya mita 2,000. Askari aliyepiga mbizi asubuhi, kisha akapakiwa katika lori mchana kwenda Muramvya au Gitega, amepandishwa katika hewa nyepesi kabla mwili wake haujatoa ile gesi. Dereva hajui, mkuu wa msafara hajui, na mgonjwa mwenyewe huenda akadhani ni uchovu tu. Kupanga ratiba vizuri kungemwepusha na balaa hilo bila gharama yoyote.

Majirani zetu wametupa mafunzo yaliyonunuliwa kwa roho za watu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia walikufa. Ilisimuliwa kwamba tumbo la meli lilipotobolewa ili kuwatoa waliokuwa ndani, hewa iliyokuwa ikiieleza ilitoka, nayo ikazama. Nia njema ilikosa elimu. Lakini mwezi Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wapiga mbizi walimtoa fundi wa meli angali hai siku mbili baadaye, kwa kuwa palibaki hewa mahali alipokuwa.

Tena, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 24 kati ya 43 walinusurika, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi. Kijana mmojawapo, Majaliwa Jackson, aliupiga mlango kwa kasia. Serikali ya Tanzania ilimpa kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, apate mafunzo. Hapa pana fundisho: mwokoaji wa kwanza ni mwananchi aliye karibu, na kazi ya dola ni kumwongezea maarifa.

Wako watakaosema kwamba mafunzo ni ghali na vifaa ni adimu. Twakubali kwamba mtungi wa hewa ni ghali. Lakini kamba si ghali, wala dumu tupu lililofungwa kizibo, ambalo humweleza mtu majini. Mfa maji hukamata maji. Amrukiaye mikono mitupu hukamatwa yeye. Kurusha kamba au dumu hufundishwa kwa asubuhi moja.

Twapendekeza, basi, mambo matatu. Kila kuruta asitoke chuoni kabla ya kujua kuogelea na kurusha kamba. Wapiga mbizi wawe wachache, waliopimwa na daktari na kufundishwa na walimu wenye vyeti. Wasizame mmoja mmoja, na daima pawe na mwenzao juu aliyeshika kamba. Tatu, wananchi wafundishwe. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 25 Julai iwe Siku ya Dunia ya Kuzuia Kuzama. Askari na polisi waiadhimishe Cibitoke kwa kuwaonyesha akina mama, vijana na watoto kwa vitendo, na wasiingoje siku hiyo peke yake. Jumamosi za kazi za jumuiya zinatosha kuanzia.

Hata elimu haiondoi hatari yote. Mwezi Julai 2018 watoto 12 na mwalimu wao wa mpira waliokolewa katika pango la Tham Luang, Thailand. Lakini Saman Kunan, aliyepata kuwa askari wa majini, alikufa humo akipeleka mitungi ya hewa. Ikiwa mjuzi aliweza kufa, mkuu wa kikosi atamwamuruje asiyejua azame, eti kwa kuwa umati unapiga kelele?

Twawaomba wakuu waliweke neno hili katika amri zao: mpiga mbizi akisema hali hairuhusu, neno lake liheshimiwe. Askari anayesema ufukoni, "Ngojeni kamba ije, ngojeni mwenzangu afike," si mwoga. Anailinda roho iliyobaki.