Mtoto Asiyekimbia

Ukitaja elimu ya viungo hapa Kericho na Bomet, maongezi huhamia kwa wanariadha kabla hujamaliza sentensi. Haishangazi. Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, ndiye aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, na miaka minne baadaye akatwaa fedha kule Mexico. Sifa hiyo, hata hivyo, imetupumbaza. Kiprugut alinolewa jeshini, si katika kipindi cha michezo, na nishani hutuonyesha tu wale waliobaki baada ya mchujo. Haisemi lolote kuhusu watoto wanaoachwa ukingoni mwa uwanja, wakishika masweta ya wenzao. Kozi ya elimu ya viungo na afya katika vyuo vya ualimu, Chuo cha Ualimu cha Kericho kikiwemo, ipimwe kwa hao.

Kozi hiyo sasa ina mzigo mpya. Jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu lilipopendekeza mwaka 2023 masomo yapunguzwe lilikuwa na nia njema, maana watoto walikuwa wamelemewa. Lakini katika sekondari msingi elimu ya afya ilitiwa ndani ya sayansi, nayo michezo ikaungana na sanaa. Pasipo mwalimu aliyefunzwa kuviunganisha, mtoto atasoma habari za moyo darasani Jumatatu, akimbie Jumatano, na asijue kwamba ni moyo uleule. Dawa yake si ghali. Mwanachuo afundishwe kuwaketisha wanafunzi nyasini, kila mmoja aweke vidole viwili shingoni, ahesabu mapigo kwa nusu dakika na kuyaandika; waruke kamba, kisha wahesabu tena. Aliyezoea kushika masweta naye ana moyo wa kuhesabu, na tofauti kati ya tarakimu zake mbili ni somo lake mwenyewe.

Kuna wasemao kwamba watoto wetu hutembea mbali, huteka maji, huchuma chai, basi mazoezi wanayo tele. Kazi wanayo, kweli. Ila kazi humzoesha mtoto kuinama na kubeba. Haimfundishi kuulinda mgongo wake, wala kumsaidia mwenzake aliyeteguka kifundo. Isitoshe, mahitaji hayafanani hata ndani ya kaunti moja. Soin iko bondeni, nchi ya joto na miwa, ambako kipindi cha adhuhuri hakifai bila kivuli na maji ya kunywa, na malaria ni jambo la kila mwaka. Kericho mjini, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua ya alasiri hugeuza uwanja kuwa tope. Andalio la somo lililobuniwa kwa uwanja mkavu ulio tambarare litakwama kotekote, na mwanachuo anayefunzwa andalio hilo moja anapotezewa wakati.

Pingamizi zito zaidi ni la mtihani. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hadi ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, haikutahini somo hili, na kipindi chake kikawa akiba ya Hisabati. Wapo wanaotaka litahiniwe kwa karatasi. Hatukubaliani nao: tutapata watoto wanaotaja vipimo vya uwanja wa netiboli bila kuwahi kuudaka mpira. Atahiniwe mwalimu. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkaguzi aketi kipindi kizima cha viungo, ahesabu ni wanafunzi wangapi walisimama tu wakingoja zamu ya mpira mmoja, na alama ya mwanachuo itokane na hesabu hiyo. Wakufunzi watasema hawana muda. Stashahada ya ualimu iliyochukua nafasi ya cheti cha P1 mwaka 2021 ni ya miaka mitatu, nacho cheti kile kilikuwa cha miwili. Vyuo vina mwaka mzima zaidi wa kulitafutia jambo hili nafasi kwenye ratiba.