Peremende za Nyumbani

Wenzangu, nina neno juu ya peremende. Huku kwetu Kibondo na Kasulu mizinga ya nyuki imo maporini, na karanga twalima wenyewe. Lakini asali twaiuza kwa ndoo, kisha twaenda dukani kununua kipande cha chokoleti kilichotoka mbali kwa bei inayomshinda mzazi. Je, hii ni akili?

Likizo iliyopita nilijaribu kutengeneza yangu. Nilikaanga vikombe viwili vya karanga, nikapepeta maganda, nikazitwanga hata zikalainika. Nikachanganya na vijiko vitatu vya unga wa kakao na nusu kikombe cha asali, nikaviringa matonge madogo ya kutia kinywani mara moja. Tanuri sikuhitaji, baridi ya usiku wa milimani iliyakaza.

Baba aliponiona na mchi alinuna, akasema jikoni si mahali pa mvulana. Sikumjibu. Kesho yake wadogo zangu walipokuwa wakila, naye alichukua moja, kisha la pili. Hakusema neno tena.

Wengine watasema kakao haioti kwetu. Kweli, hustawi Kyela, mkoani Mbeya, penye joto na mvua nyingi. Lakini Kyela nako ni kwetu, na kakao yake nyingi huuzwa ng'ambo ikiwa punje tu. Yanayowapata wao kwa kakao ndiyo yanayotupata sisi kwa asali.

Basi likizo hii kila mmoja wetu, mvulana kwa msichana, na aombe mchi kwa mama yake. Nanyi wazazi, msitufukuze jikoni.