Kalamu ya Gavana

Aprili 10, 2025, Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani na mzaliwa wa Ikungi mkoani Singida, alisomewa shtaka la uhaini katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Singida nzima ikageuka mahakama. Vijiweni, stendi, minadani, kila mtu alikuwa na hukumu yake juu ya mtu yule. Mimi kesi yenyewe siigusi, ina mahali pake. Kilichoniudhi ni kwamba katika kelele zote zile sikumsikia hata mmoja akiuliza kitanzi kilichojificha nyuma ya shtaka kama hilo kilisukwa na nani, na kwa nini Uhuru umepita na kukiacha kikining'inia palepale.

Niseme mapema ninaposimama. Uhaini una kifungu chake. Kinachonikera zaidi ni kile cha mauaji, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu. Hicho kinamlazimisha jaji kumhukumu kifo kila anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, ukiacha mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18. Kilipaswa kufutwa zamani. Siombi wauaji wabembelezwe. Naomba jaji aachwe ahukumu.

Sisi wa Singida tungepaswa kuwa wa kwanza kulisema hili. Wazee wetu bado wanasimulia habari za watu-simba, wale ambao Wanyaturu waliwaita mbojo. Mwaka 1946 na 1947 maiti ziliokotwa zimeraruliwa kana kwamba na mnyama, na serikali ya Waingereza ikaamini kwamba simba wale walikuwa ni watu. Wakakamatwa, wakashtakiwa, wengine wakanyongwa. Mwaka 1962 Harold Schneider, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyekuwa ameishi Unyaturu, aliandika kuitazama upya simulizi yote ile. Wakati huo walionyongwa walikwisha kuwa udongo.

Sitaki kujifanya najua nani aliua na nani alisingiziwa. Ninachotazama ni mashine iliyowasaga. Kanuni ya Adhabu ililetwa Tanganyika mwaka 1930, kuchukua nafasi ya ile ya Wahindi iliyokuwa ikitumika. Asili yake ni kanuni ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899, iliyotufikia kupitia Nigeria. Na Queensland yenyewe ilikuwa imeifuta adhabu ya kifo mwaka 1922! Mwenye koti alikwisha kulivua. Sisi tukavalishwa miaka minane baadaye, na mpaka leo tunaona aibu kulivua kana kwamba alilishona babu yetu.

Watu wengi hudhani ukali wa sheria ile ulikuwa katika kamba. Mimi nadhani ulikuwa katika kalamu. Angalia ilivyofanya kazi. Jaji alimsikiliza mshtakiwa mahakamani, mchana, mbele ya watu, na wazee wa baraza wakiwa pembeni kutoa maoni yao. Akishamtia hatiani, mdomo wake ulifungwa: kuna neno moja tu la kutamka. Hakuweza kuuliza kama aliyeua alikuwa kijana aliyetumwa na wakubwa, au kama alikuwa mzee aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba jirani anamroga. Maswali hayo hayakupotea lakini. Faili lilifungwa likapelekwa Dar es Salaam kwa Gavana, na huko, ndani ya chumba, ndiko yalikoulizwa: huyu tumnyonge au tumwache? Jibu likatoka bila sababu kutajwa hadharani. Jaji akabaki na kazi ya kuua, Gavana akabaki na sifa ya kusamehe. Mtawaliwa akafundishwa kwamba uhai si haki inayopimwa kwa ushahidi, ni zawadi ya mkubwa.

Sasa niambie ni kipi kilichobadilika zaidi ya jina mlangoni. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe na kupunguza adhabu. Septemba 2017 Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba kusaini watu wanyongwe ni jambo gumu kwake. Desemba 9, 2020 aliwabadilishia adhabu watu 256, kutoka kunyongwa hadi kifungo cha maisha. Nilifurahi kwa ajili yao. Lakini fikiri: watu 256, kila mmoja na kisa chake, na hakuna jaji hata mmoja aliyewahi kuruhusiwa kupima kama huyu anastahili kifo, maisha, au miaka 20.

Na upande wa pili wa mstari hali ni kinyume kabisa. Ukiua bila kukusudia, jaji anaweza kukupa kifungo cha maisha, anaweza kukupa miaka miwili, anaweza hata kukuachia kwa masharti. Anaaminika kupima kila kitu. Mstari unaozitenganisha hukumu hizo mbili ni nia ovu, kitu kilicho kichwani mwa mtu, ambacho mara nyingi kinasomwa kutoka kwenye ukubwa wa panga na mahali lilipotua. Upande huu hekima yote, upande ule hekima sifuri. Nani mwenye akili timamu angetunga hivyo leo?

Hata sisi wenyewe tulionja utamu wa kumfunga hakimu mikono. Sheria ya mwaka 1963 iliwapa wezi wa mali ya umma viboko 24, kumi na viwili vya kuingia gerezani na kumi na viwili vya kutoka, ukamwonyeshe mkeo. Ni hamsa ishirini ya Mjerumani, vile viboko 25, tukapunguza kimoja.

Watetezi wa kifungu cha 197 wanasema kinatisha wahalifu, na kwamba wafiwa wanataka damu ilipwe. Machozi ya wafiwa nayaheshimu. Ila hakuna aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990, kwa hiyo sijui kinamtisha nani, wala mfiwa gani amelipwa.

Uvumilivu wangu unakwisha kwenye hoja ya kwamba tusiamuliwe na wageni. Wageni gani? Mwaka 1994 aliyesema adhabu hii inavunja Katiba ni Jaji James Mwalusanya, hapo Dodoma, katika kesi ya Mbushuu. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi wake, huku ikikubali kwamba adhabu yenyewe ni ya kikatili. Uganda iliondoa ulazima huu mwaka 2009, Kenya 2017. Novemba 28, 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikikaa Arusha kwenye ardhi yetu, iliipa serikali mwaka mmoja kuuondoa. Juma moja kabla ya hapo serikali ilikuwa imewasilisha barua ya kuwazuia raia wake wasiende tena moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Majaji wa Afrika tunawafungia mlango kwa jina la uhuru, huku tumeikumbatia karatasi ya Gavana.

Desemba 9 nyingine, siku ya Uhuru, itafika. Gwaride litapita, na kabla ya taarifa ya habari mama mmoja ambaye mwanawe anangoja kunyongwa ataongeza sauti ya redio, asikie kama mwaka huu kuna idadi ya waliosamehewa iliyotajwa, kwa maana majina hayasomwi.